Shahada ya Kifaransa au Kihispania Marekani: kulinganisha gharama na matokeo kabla hujalipa amana

Jioni moja ya mwezi wa nne mpwa wangu aliweka barua mbili juu ya meza, zote za vyuo vilivyomkubali kusoma Kifaransa. "Mjomba, nimeshapiga hesabu," akasema. "Hiki cha binafsi kinatoka nafuu kuliko cha jimbo. Tumalize leo." Na kweli, ukisoma mstari wa mwisho wa kila barua, alikuwa sahihi: chuo binafsi kilimdai dola 12,005 kwa mwaka, cha jimbo dola 13,405. Tulichukua kalamu, tukaanza kufuta mistari, na kabla chai haijapoa jibu lilikuwa limegeuka.

Hesabu yenyewe iko kwenye hatua ya nne. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kusoma lugha za Kirumi nchini Marekani, yaani zile zilizozaliwa na Kilatini: Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitaliano, Kiromania na ndugu zao. Fani hii ina shida ambayo uhasibu au uuguzi hauna. Wahitimu wake ni wachache, na takwimu za watu wachache hudanganya kwa urahisi. Kwa hiyo kila nambari utakayokutana nayo, iwe ni ada, asilimia ya waliohitimu au mshahara, iulize swali moja: hapa wamehesabiwa nani?

Hatua ya 1: Tafuta fani kwa msimbo

Majina ya shahada hayana mpangilio. Chuo kimoja kitaiita "Romance Languages", kingine "French and Francophone Studies", cha tatu kimeunganisha lugha zote kikaziita "World Languages". Ukitafuta kwa jina moja utavikosa vyuo vizuri bila kujua.

Serikali ya Marekani huipa kila fani msimbo unaoitwa CIP. Lugha za Kirumi ziko chini ya 16.09. Ndani yake, 16.0900 ni za Kirumi kwa ujumla, 16.0901 ni Kifaransa, 16.0902 Kiitaliano, 16.0904 Kireno, 16.0905 Kihispania. Angalia pia 16.0101, lugha za kigeni kwa ujumla, maana idara zilizounganishwa hujificha humo.

Fungua College Navigator, tovuti ya bure ya NCES, kituo cha takwimu za elimu cha serikali. Ukiingia ukurasa wa chuo, sehemu ya programu itakuonyesha ni wangapi walihitimu kila fani mwaka husika. Andika nambari hiyo pembeni. Tutaihitaji kwenye hatua ya tano.

Hatua ya 2: Jua uko kundi gani

Kabla hujatazama bei yoyote, jiweke kwenye moja ya makundi matatu.

Mkazi wa jimbo hulipa ada ya chini kwenye vyuo vya umma vya jimbo lake. Anayetoka jimbo jingine hulipa zaidi, mara nyingi zaidi ya maradufu. Anayekuja na viza ya mwanafunzi ya F-1 kwa kawaida huwekwa pamoja na huyo wa jimbo jingine, na juu ya hapo hana haki ya ruzuku ya Pell, msaada usiorudishwa ambao serikali kuu huwapa wenye kipato kidogo, wala mikopo ya serikali kuu.

Hii ni muhimu kwa sababu "gharama halisi ya wastani" unayoiona kwenye tovuti za serikali kwa vyuo vya umma imehesabu wakazi wa jimbo pekee. Ukiwa wa kundi la pili au la tatu, nambari hiyo haikuhusu hata kidogo. Nimeona watu wakijenga mpango wa miaka minne juu yake.

Kundi la pili lina mlango wa pembeni ambao wengi hawaujui, na fani adimu kama Kireno au Kiitaliano ndizo zinazoufungua. Majimbo ya kusini yana mpango wa Academic Common Market: fani isipofundishwa kwenye vyuo vya umma vya jimbo lako, unaweza kuisoma jimbo jirani lililomo kwenye mpango kwa ada ya mkazi, ilimradi programu hiyo imeorodheshwa. New England wana mpango unaofanana na huo, unaopunguza ada. Magharibi kuna Western Undergraduate Exchange, ambapo ada haizidi asilimia 150 ya ile ya mkazi. Hakuna anayekupa haya moja kwa moja. Unaomba, tena mapema.

Wa kundi la tatu ajue kwamba vyuo vichache binafsi, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, Amherst na Bowdoin, huwapokea wanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wao wa kulipa, kisha huziba pengo lote la mahitaji yao. Kuingia huko ni kugumu. Lakini mtu mwenye alama za juu asiviondoe kwenye orodha eti kwa sababu bei iliyotangazwa inatisha.

Hatua ya 3: Kikokotoo cha kila chuo

Tangu Oktoba 2011, vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu na vyenye wanafunzi wa shahada ya kwanza vinalazimika kuweka kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti zao. Usishtuke, hiki si kile cha mafao ya wastaafu. Unaingiza kipato cha familia, idadi ya watu nyumbani na alama zako, nacho kinakisia utakacholipa baada ya ruzuku.

Kijaze kwa kipato kamili kabla ya kodi. Tunga jedwali dogo la Excel na uandike gharama yote ya mwaka: ada, malazi na chakula, vitabu, usafiri, bima. Ada peke yake haitoshi kulinganisha. Kuna miji ambako chumba kinazidi ada. Vikokotoo vingi vimetengenezwa kwa ajili ya kundi la kwanza na la pili. Mwenye F-1 amwandikie mshauri wa wanafunzi wa kigeni, aombe makadirio yale yale yatakayowekwa kwenye fomu ya I-20, ile ya chuo inayotumika kuombea viza.

Hatua ya 4: Vunja barua ya ufadhili mstari kwa mstari

Sasa turudi mezani. Barua ya chuo binafsi ilikuwa na mistari hii: gharama yote dola 68,400, ufadhili wa chuo 41,000, Pell 7,395, mkopo wa serikali 5,500, kazi ya chuoni 2,500. Chini yake, kwa wino mzito: msaada wote 56,395, kilichobaki 12,005.

Ya chuo cha jimbo: gharama 29,300, ufadhili wa chuo 3,000, Pell 7,395, mkopo 5,500. Kilichobaki 13,405.

Nilimwambia afute kila mstari ambao fedha yake atairudisha au ataitolea jasho. Mkopo ni deni, ufute. Kazi ya chuoni ni mshahara utakaolipwa kidogo kidogo baada ya kufanya saa zako maktaba au mgahawani. Hauko mfukoni siku bili inapokuja, na usipopata nafasi hauupati kabisa. Ufute.

Kilichobaki kuwa msaada wa kweli kwa chuo binafsi ni 48,395, kwa hiyo gharama halisi ni dola 20,005. Kwa chuo cha jimbo msaada wa kweli ni 10,395, gharama halisi dola 18,905. Chuo kilichoonekana nafuu kwa dola 1,400 kumbe kilikuwa ghali kwa dola 1,100.

"Elfu moja mia moja si kitu, Mjomba," akasema. Kwa mwaka mmoja, labda. Tukauliza swali la pili, ambalo barua huwa hazilijibu: ufadhili wa chuo unapanda pamoja na ada, au umegandishwa? Chuo binafsi kilijibu kwa barua pepe kwamba umegandishwa. Tukakisia gharama zinapanda asilimia 4 kila mwaka na ruzuku zote zinabaki palepale, pande zote mbili. Chuo binafsi: 20,005, kisha 22,741, kisha 25,586, kisha 28,546. Jumla dola 96,878. Cha jimbo: 18,905, 20,077, 21,296, 22,564. Jumla 82,842. Tofauti ya miaka minne ni dola 14,036.

Fanya hesabu hii kwa kila barua. Linganisha jumla ya miaka minne, usilinganishe mwaka wa kwanza. Uliza pia sharti la kuushika ufadhili: wastani wa alama gani, na ukishuka muhula mmoja unapewa nafasi ya kujirekebisha au unakatwa papo hapo?

Kuhusu deni, kuna kipimo kilicho tayari. Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaweza kukopa kwa jina lake, kwenye mikopo ya serikali kuu, dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili na 7,500 kila mwaka baada ya hapo, mwisho dola 31,000. Mpango unaohitaji zaidi ya hapo maana yake mzazi anakopa, au benki inakopesha kwa riba yake. Kwa shahada ya lugha mimi singevuka mstari huo.

Hatua ya 5: Pima uhai wa idara

Hapa ndipo shahada ya lugha inapotofautiana na nyingine, na ndipo watu hawaangalii. Idara inaweza kufungwa ukiwa ndani. Kati ya 2016 na 2021 idadi ya wanafunzi wanaojiandikisha kwenye madarasa ya lugha zisizo Kiingereza katika vyuo vya Marekani ilishuka kwa asilimia 16.6, kwa hesabu ya chama cha wanazuoni wa lugha, MLA. Mwaka 2023 bodi ya Chuo Kikuu cha West Virginia ilipiga kura kufuta shahada zake za lugha za kigeni. Chuo kikifuta fani, wanafunzi waliomo kwa kawaida huachwa wamalize, lakini kumaliza kwenye idara ambayo walimu wake wanafungasha ni jambo jingine.

Mwandikie mkuu wa idara barua pepe fupi yenye maswali manne: wamehitimu wangapi katika kila mwaka kati ya mitatu iliyopita, walimu wa kudumu ni wangapi, ni kozi zipi za mwaka wa tatu na wa nne zilizofundishwa kweli katika mihula minne iliyopita, na kozi hufutwa ikiwa na wanafunzi wangapi. Swali la tatu ndilo lenye meno. Kitabu cha kozi kinaweza kuwa na kozi thelathini za Kiitaliano huku zinazofunguliwa ni mbili kwa mwaka, na hapo miaka minne hugeuka mitano. Mwaka wa tano hakuna kikokotoo kinachouhesabu.

Kwa mpwa wangu, chuo cha jimbo kilijibu baada ya siku mbili: wahitimu 6, 4, kisha 7, walimu wa kudumu watatu. Chuo binafsi kilitaka barua pepe tatu ndipo kijibu, na kikatupa kiungo cha kitabu cha kozi. Sisemi ukimya ni ushahidi. Niliuandika kwenye jedwali hata hivyo.

Hatua ya 6: Matokeo, na waliohesabiwa ndani yake

Fungua College Scorecard ya Wizara ya Elimu, chagua chuo, kisha fani. Utapata mshahara wa kati wa wahitimu (nusu yao hupata zaidi, nusu pungufu) na deni lao la kati. Ni chombo kizuri, ila kisome ukijua mambo manne.

Kwanza, kinatumia msimbo wa tarakimu nne, 16.09. Kifaransa, Kihispania, Kireno na Kiitaliano vyote vimemwagwa chungu kimoja. Pale wanafunzi wa Kihispania wanapokuwa wengi, mshahara unaousoma ni wao hasa. Mtu wa Kiitaliano yumo kama chumvi.

Pili, wamehesabiwa waliopokea msaada wa serikali kuu tu. Watoto wa matajiri waliolipa taslimu hawamo, wala wanafunzi wa kigeni.

Tatu, wahitimu wakiwa wachache mno nambari hufichwa kulinda faragha yao. Kwa fani hii utakutana na nafasi tupu mara nyingi. Nafasi tupu haimaanishi matokeo mabaya. Na pale nambari inapoonekana kwa idara ndogo, watu wawili waliobadilisha kazi wanaweza kuisogeza sana, kwa hiyo tofauti ya dola 2,000 kati ya vyuo viwili ipuuze.

Nne, wengi husoma lugha kama fani ya pili, pamoja na biashara, uuguzi au uhusiano wa kimataifa. Ukisikia mhitimu wa Kihispania wa chuo fulani analipwa vizuri sana, uliza alisoma nini kingine.

Asilimia ya waliohitimu nayo ina mtego wake. Ile inayotangazwa huhesabu waliohitimu ndani ya miaka sita kwa shahada ya miaka minne, tena walioanza chuo kwa mara ya kwanza na kwa muda wote. Mwanafunzi aliyehamia kutoka chuo cha jamii, yaani cha miaka miwili, hayumo. Tafuta asilimia ya miaka minne kwenye College Navigator, kwa sababu bajeti yako ni ya miaka minne.

Halafu kuna kipeperushi: "asilimia 94 ya wahitimu wetu wamepata kazi au wanaendelea na masomo." Uliza taarifa za wangapi zilipatikana. Chama cha NACE, kinachoweka taratibu za tafiti hizi, hupendekeza chuo kiwe na taarifa za angalau asilimia 65 ya wahitimu. Pungufu ya hapo, unasikiliza habari za waliokuwa na furaha ya kujibu.

Hatua ya 7: Taja kazi kwa jina lake

"Nitafanya kazi inayohusu lugha" si mpango. Chagua njia mbili, kisha uangalie kama chuo kinazifikisha.

Ualimu wa sekondari ndiyo njia iliyonyooka zaidi. Unataka chuo kinachotoa leseni ya ualimu ndani ya miaka minne ileile, la sivyo utalipia mwaka wa nyongeza. Programu nyingi za walimu hudai kiwango cha Advanced Low, yaani ngazi ya chini ya daraja la juu, kwenye mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, chama cha walimu wa lugha za kigeni. Iulize idara ni wangapi hufika hapo wanapohitimu, na kama inawalipia mtihani. Lugha za kigeni zimo pia kwenye orodha ya masomo yenye uhaba ya TEACH Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa walimu watarajiwa, ambayo hutoa hadi dola 4,000 kwa mwaka. Isome vizuri kabla hujatia saini: usipofundisha miaka minne ndani ya minane kwenye shule zenye uhitaji, fedha yote inageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku ulipoipokea.

Ukalimani na tafsiri: mshahara wa kati wa kazi hizi nchini Marekani ulikuwa dola 57,090 Mei 2023. Mahakama za serikali kuu huthibitisha wakalimani kwa mtihani wa Kihispania peke yake, kwa hiyo Kifaransa na Kihispania hazina soko moja. Hospitali zina vyeti vyake. Shahada ya fasihi haikufundishi ukalimani. Angalia kama kozi ya mbinu za ukalimani ipo au utailipia nje.

Shahada ya uzamili: idara nyingi za lugha huwapa wanafunzi wa uzamili kazi ya kufundisha madarasa ya mwanzo, na badala yake husamehewa ada na kupewa posho. Mtu ambaye Kifaransa chake ni cha kuzaliwa nacho anatakiwa hapo. Ukiwa na lengo hilo, hakuna sababu ya kumaliza nguvu za kifedha kwenye shahada ya kwanza.

Mwenye F-1 aongeze mstari mmoja: baada ya kuhitimu unaruhusiwa miezi 12 ya mafunzo ya kazi, OPT. Nyongeza ya miezi 24 ni ya sayansi na teknolojia, lugha za Kirumi hazimo. Fani ya pili inayostahili nyongeza hiyo inabadilisha hesabu yako yote.

Hatua ya 8: Nunua mihula michache zaidi

Lugha ni fani pekee ninayoijua ambamo ulichojifunza jikoni kwa mama kinaweza kupunguza bili. Baadhi ya vyuo, ukifaulu mtihani wa kupangiwa darasa na kupita kozi ya juu kwa alama ya B au zaidi, hukurudishia krediti (vipimo vya kozi vinavyojumlishwa kufikia shahada) za madarasa ya chini uliyoyaruka. Vingine hukurusha darasa bila krediti, yaani umeokoa muda wa kuchoshwa lakini fedha iko palepale. Mitihani ya CLEP ya Kifaransa na Kihispania hutoa krediti kwa bei ndogo sana ukilinganisha na kozi. Pata jibu la chuo kwa maandishi.

Mwaka wa nje ya nchi: uliza bili inatoka wapi. Kuna vyuo vinavyokutoza ada yake kamili ukiwa Paris au Salamanca, na kuna vinavyokuacha ulipe chuo cha huko moja kwa moja. Uliza pia kama ufadhili unakufuata. Raia na wenye ukaazi wa kudumu wanaweza kuahirisha ndoto hiyo hadi baada ya kuhitimu, waende na TAPIF: miezi saba ya kusaidia kufundisha Kiingereza kwenye shule za Ufaransa, tena kwa kulipwa.

Hatua ya 9: Rudi kwa chuo kabla ya Mei 1

Vyuo vingi hutaka amana ya kushika nafasi kufikia Mei 1. Ukishakuwa na jedwali, iandikie ofisi ya ufadhili ya chuo unachokipenda zaidi, ambatanisha barua ya kile kingine, taja tofauti ya miaka minne kwa dola, na uombe waangalie upya. Usibembeleze, na usitishie kuondoka.

Mpwa wangu aliandika mistari sita. Chuo binafsi kiliongeza dola 2,000 kwa mwaka, tofauti ikashuka hadi dola 6,036. Alikesha nayo usiku mmoja. Kesho yake chuo cha jimbo kilimjibu kwamba Kifaransa chake kitamrudishia krediti 12, na akaniita kwa sauti kutoka chumbani: "Mjomba, hiyo ni karibu muhula mzima!" Alilipa amana tarehe 29 Aprili, kwa simu, huku mama yake akimsomea namba za kadi moja moja.